Mbwa Akinguruma

Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa na mbwa kabla hajapata mke, na mkewe, mshonaji, hakumpenda yule mnyama hata siku moja. Alimvumilia tu, kama mtu anavyomvumilia wifi asiyejua kuaga. Kisha wakapata binti, ambaye alipofika miaka miwili alikuwa akiiamrisha nyumba nzima. Wakamwita Bosi.

Asubuhi moja mama alikuwa kwenye cherehani, baba karakanani. Bosi akapenya mlango wa jikoni, akamkuta mbwa uani akitafuna mfupa, akamkumbatia shingoni. Mbwa akageuza uso. Bosi akakaza mikono. Mbwa akakakamaa, akanguruma. Mama alisikia, akatoka mbio, akakuta mkono wa gauni la mtoto umeraruliwa. Ngozi haikuguswa.

Mume naye alitokea karakanani, kashika nondo. "Leo atanitambua."

"Weka chini hiyo," mke alisema, huku amembeba Bosi aliyekuwa akilia.

"Wewe ndiye unayemtetea? Si kila siku unataka aondoke?"

"Kila siku, na leo zaidi. Lakini alinguruma kwanza; alibisha hodi, Baba Bosi. Ukimpiga kwa kuwa amenguruma, kesho atauma kimya kimya. Mtoto kamwendea akila, na sisi watu wazima hatukuwepo. Tumpige nani?"

Mume akaiweka nondo chini, akaketi kizingitini. Miaka yote alijisifu kwamba mbwa wake hana neno, hata akivutwa masikio hunyamaza. Sasa alijiuliza kama ule ulikuwa upole, au mnyama alikuwa akijikaza tu.

Siku hiyohiyo alichomelea geti dogo kati ya jikoni na ua, komeo lake juu, Bosi asilifikie. Mbwa akahamishiwa nyuma ya karakana wakati wa kula. Na wakakubaliana: mtoto na mbwa hawaachwi peke yao, hata kwa muda wa kuinjika chai.

Bosi hakuzoea kukatazwa. Alililia geti lile mpaka sauti ikamkauka. Mama akawa anatoka naye uani, anamfundisha polepole: simama, mwite, subiri. Akija mwenyewe, mpapase ubavuni, si kichwani. Akiondoka, mwache aende zake.

Jioni moja mbwa alikuja, akanusa kiganja cha Bosi, akajilaza mbele yao. Mama, ambaye hakuwahi kumgusa, akajikuta ananyoosha mkono.

"Si kichwani, Mama," Bosi alimwambia.

Mama akausogeza mkono ubavuni. Manyoya yalikuwa laini kuliko alivyodhani.