Ile Mbili ya Mwisho

Dzifa aliiona alama nyekundu ya kukosa kwenye karatasi yake ya maabara, damu ikamchemka. Wenzake thelathini na wanane katika shule yao ya mjini Ho, Ghana, walikuwa wamepasi jaribio la tindikali. Yeye peke yake kaanguka, na aliyeanguka hakuandikishwa mtihani wa taifa wa kemia. Alishapoteza mwaka mzima akiurudia. Mwaka mwingine hakuwa nao.

"Mwalimu, kosa langu nini?"

"Wote wamepata sentimita za ujazo 24.32," alijibu Mwalimu Kpodo bila kuinua macho. "Wewe 24.30. Ulikuwa unaota?"

"Nimeandika nilichokiona!"

Darasa likaangua kicheko. "Profesa Sifuri!" mwanafunzi mwenzake Selorm akamtania kutoka nyuma. "Si ungeuliza tu, dada?"

Ungeuliza! Kumbe ndiyo hivyo! Jibu lile mwalimu alilipiga kwa kikokotoo mezani kwake, likavuja, na tangu asubuhi ya jaribio lilikuwa likipita mkono kwa mkono kama karanga. Dzifa akainuka. Akaenda kabatini, akatoa bureti, ule mrija mrefu wa kioo wa kupimia, akaisimamisha mbele ya mwalimu.

"Haya, nionyeshe hiyo mbili! Mistari imechorwa kila sehemu moja ya kumi ya sentimita. Katikati ya mstari na mstari, jicho likijitahidi sana litasema nusu. Kwa hiyo tarakimu ya mwisho ni sifuri au tano, basi. Hiyo mbili watu thelathini na wanane wameionaje? Kwa macho ya nani?"

Kicheko kikakatika. Kpodo akaishika bureti, akaielekeza dirishani, akainama mpaka pua ikagusa kioo. 

"Kaa chini," akasema taratibu. Akachukua kalamu, akaipitia juu ile sifuri ya mwisho ya Dzifa, akaigeuza mbili. Pembeni akaandika alama zote. "Umepasi. Yaishe."

Yaishe? Dzifa akaitazama ile mbili. Mtihani wake ulikuwa pale, ndani ya wino wa mtu mwingine. Akachukua kalamu, akaikata kwa mstari mmoja, akaandika sifuri yake tena, akaisukuma karatasi kwa mwalimu.

"Hiyo sikuiona, Mwalimu. Nifelishe kwa yangu."