Miezi Mitatu ya Kubana Pumzi

Fundi Rangi alikuwa na maneno ya kumtosha mtu mwaka mzima. Kilichompungukia ni pumzi ya kuyasemea. Alikuwa mama wa miaka hamsini na nane, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza akipulizia vanishi makabati na vitanda. Leo alikaa kwenye benchi la zahanati akihema, na bado alikuwa anagombana na binti yake.

"Mama, kubali tu. Tajiri keshasema, bila barua ya daktari kwamba kazi unaiweza, usikanyage karakana."

"Na makabati atapulizia nani? Yeye? Yule hata kucha hajui kupaka."

Binti alicheka bila kutaka, kisha akaona aibu. Alikuwa amekuja kumwomba daktari amwachishe mama yake kazi.

Ndani, daktari alipitia cheti. Mapafu yalikuwa na ugonjwa wa kudumu, ule wa kuishi nao. Miezi mitatu sasa mama huyu alikuwa na inhela, kile kichupa cha kuvuta dawa kwa mdomo, na kipimo cha pumzi kilikuwa palepale.

"Mama, dawa kweli unatumia?"

"Asubuhi na jioni. Sijaruka hata siku moja."

Daktari alimtazama kwa huruma ya mtu asiyekuamini, akavuta karatasi. Fundi Rangi alijua kinachotaka kuandikwa, kwamba kazi haiwezi tena, na hasira zikampanda hadi utosini.

"Weka kalamu chini! Mimi si mwongo. Nitazame."

Akaitoa inhela kwenye mkoba, akaitikisa vizuri, akaiweka mdomoni, akabonyeza. Muuguzi aliyekuwa akipanga mafaili pembeni akaacha kazi yake.

"Shikamoo, mama. Hebu rudia. Mbona unabana pumzi ukibonyeza?"

"Marahaba. Sasa nisibane? Bomba la kupulizia likifunguka unabana pumzi, la sivyo vanishi yote inaingia kifuani. Hilo hata mwanafunzi wa wiki moja..."

Akanyamaza katikati ya sentensi, jambo ambalo binti yake hakuwa amelishuhudia tangu azaliwe. Kumbe miezi mitatu dawa ilikuwa inaishia kwenye ulimi. Mkono ulifuata kazi uliyoizoea, na kifua nacho kikafuata mkono.

Aliona haya, lakini haya hazikukaa. "Na nyinyi? Mlinipa kichupa mkaniambia mara mbili kwa siku. Nani alinitazama nikikitumia?"

"Hakuna," daktari alisema. "Hapo tumekosea, mama."

Muuguzi akamfundisha: toa pumzi yote, bonyeza huku unavuta polepole, ndipo ubane. Mara nne alikosea na mara nne akajitukana. Ya tano ikaingia. Daktari akaandika barua ya mapumziko ya mwezi mmoja tu.

Mwezi ulipokwisha, Fundi Rangi alipanda mwinuko wa zahanati akiongea njia nzima. Kipimo kilikuwa kimepanda, si sana, lakini kimepanda. Daktari alifurahi, ila hakumficha kitu.

"Yaliyoharibika hayatarudi, mama. Na dawa haitashindana na vanishi. Ukirudi kupulizia na kitambaa usoni, utaumia zaidi."

"Unasikia, mama?" binti alidakia.

"Nasikia. Daktari, chukua kalamu. Andika kwamba karakana iwekwe feni za kutoa hewa, na kila anayeshika bomba apewe barakoa yenye vichujio. Usiandike mimi peke yangu. Tupo sita, na wawili wameanza kukohoa kama nilivyoanza mimi."

"Na tajiri akikataa?" daktari aliuliza.

"Tunakaa nje wote sita. Nimeshawapitia nyumba hadi nyumba."

"Kwa miguu?" binti aliuliza.

"Ulitaka nibebwe?"

Binti akaisogeza karatasi mbele ya daktari.

"Andika kwa herufi kubwa," alisema. "Barua naipeleka mimi."