Kidonda cha Mwezini

Lori la mpunga lilikuwa limeshaacha soko la Mamba, Nyanzala kalazwa juu ya magunia, mguu umefungwa kanga, nzi wanaufuata. Kidonda kilishafika mfupani. Mumewe, Makoye, alikuwa anampeleka hospitali Mpanda. Mimi nilidandia tu, kama kawaida yangu. Mara mganga Maduhu akasimama katikati ya barabara, kainua picha juu.

"Makoye, mshushe mkeo! Kidonda chake hiki hapa, kiko mwezini. Kikifunga kule, na huku kinafunga. Daktari wako atapanda mwezini?"

Picha ile niliijua. Juzi yake, jua likizama, Hezron mpiga picha alifunga kamera kwenye darubini yake kwa mpira wa baiskeli, mimi nikamshikia isitikisike. Ni shimo la mwezi, limejaa kivuli. Ukilitazama vibaya, kweli ni kidonda.

Wakamshusha. Na mimi nikashuka, moja kwa moja kwa Hezron.

"Umempa Maduhu lile shimo?"

"Mzee, mimi natoa picha. Maneno anaweka mteja."

Nikatema mate mlangoni pake.

Mwezi ulipojaa, jua liliupiga usoni, kivuli kikaisha, shimo likapotea. Hezron akapiga nyingine. "Kimefunga!" Maduhu akatangaza, Makoye akachinja mbuzi. Watu walikula karibu na mgonjwa, mkono mmoja puani, mwingine kwenye nyama. Nikamweleza Makoye habari ya kivuli.

"Babu, unamwonea wivu mganga."

Nyanzala akaniita. "Babu, nyie mnasema nimepona. Mbona funza wanatembea?"

Mwezi ukaanza kupungua. Asubuhi moja, ukiwa bado juu, nilimburuta Makoye hadi kwenye darubini.

"Chungulia."

"Mama yangu! Kimefumuka!"

"Hakijawahi kufunga, mjinga wewe. Ni kivuli. Jua likihama, nacho kinahama."

Sijui kama alielewa kivuli. Alielewa kimefumuka. Akakimbia kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni.

Mpanda walimkata Nyanzala mguu juu ya goti. Anauza karanga hukohuko mjini, mtaa wa Kashaulili. Makoye alirudi Mamba akaoa mwingine. Maduhu bado anatibu. Hezron alitundika zile picha mbili studio, chini ya moja kaandika "Kabla", chini ya nyingine "Baada". Mimi nilipata lori la Sumbawanga.