Bega Jekundu la Mal-ja

Kwa mikono, Ok-bun alikuwa hana mpinzani katika mji mzima wa Gunsan, huko Korea. Miaka kumi na tisa alikuwa akisugua wanawake kwenye hamamu ya mtaani, bafu la umma la maji ya moto, na hakuna nongo iliyowahi kumshinda. Kasoro yake ilikuwa ulimi. Kanisani aliimba hadi madirisha yakatetemeka, lakini ndani ya hamamu Yesu hakumtaja hata kwa bahati mbaya.

Alikuwa na sababu. Paa la hamamu ile linarudisha sauti, ukinong'ona kwenye meza ya kusugulia, wote walio kwenye maji ya moto wanasikia, na wateja wale wana midomo jamani! Ndiyo maana bibi mmoja aliyekuja kusuguliwa kila Jumanne alifariki masika yaliyopita bila kusikia kwa Ok-bun neno lolote zaidi ya "geuka". Jambo hilo lilimuuma mpaka leo.

Asubuhi hiyo aliyelala kifudifudi mezani alikuwa Mal-ja, muuza samaki wakavu, rafiki yake wa siku nyingi.

"Nisugue sawasawa. Kesho wananipasua moyo, sitaki daktari anikute na nongo."

"Unaogopa, dada?"

"Mimi? Niogope nini?" Kisha sauti ikashuka. "Sijapata usingizi siku ya tatu leo."

Ok-bun akajifanya anasuuza kitambaa. Ndipo akamkumbuka bibi wa Jumanne.

"Dada, mimi ni mtu wa Yesu," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Paa likairudisha yote. "Mume wangu alipokufa, ni yeye aliyenishika nisianguke. Nataka nikuombee kwake, hapa hapa."

Kwenye maji ya moto mmoja akacheka. "Loo, kumbe leo tunasuguliwa na mchungaji!"

"Wewe chemka huko, hukuulizwa!" Mal-ja akafoka bila kuinua kichwa. Kisha akasema polepole, "Miaka yote hii, Ok-bun, ulikuwa unanificha? Haya, omba. Ila usiache kusugua, nitashikwa na baridi."

Ok-bun akaomba. Mwanzoni alikwamakwama, kisha maneno yakaja yenyewe, akaomba na paa likaomba naye, wala hakujali nani anasikia. Alijiona mrefu, yeye ambaye hafikii rafu ya taulo bila kigoda. Alipofika kwenye amina, Mal-ja akapiga ukelele.

"Mama yangu! Umenichuna!"

Kumbe muda wote alikuwa anasugua bega moja tu. Lilikuwa jekundu kama pilipili.

"Nisamehe, dada. Nimejisahau."

"Nikusamehe nini?" Mal-ja akageuka mwenyewe bila kuambiwa, macho yamelowa, akapaza sauti mpaka ng'ambo ya maji ya moto. "Kesho daktari akiuliza bega hili limepatwa na nini, nitamwambia mbele ya wauguzi wake wote: hapa niliombewa."