Toroli Lilipita

Sisi mafundi tukishamwaga zege la njia ya mteremko, huwa tunaijaribu kwa toroli. Unapakia mfuko mmoja wa saruji, unamwita kibarua mwenye misuli, anasukuma. Likifika juu bila kumshinda, kazi imekubalika, tunanawa mikono. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili na sikuwahi kusikia mtu akilalamika. Sasa najua kwa nini: waliopaswa kulalamika walibaki chini.

Wenzangu wananiita Pimamaji, kwa sababu kile kifaa cha kupimia usawa hakibanduki mkononi mwangu. Nilikuwa nalipenda jina hilo. Siku hizi mtu akiniita hivyo natamani kumrushia mwiko.

Dada yangu mdogo ni mwalimu. Hata nyumbani sote tunamwita Mwalimu. Miaka miwili iliyopita gari liliserereka kwenye mvua likamgonga, akaumia uti wa mgongo, na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Shule yake ilikuwa na ngazi kila mlango. Mwalimu mkuu alimwambia bila kumung'unya maneno: jengo jipya linakuja, na likiisha, ukiweza kujifikisha darasani mwenyewe, darasa lako la tatu utalikuta. Mwenyewe. Neno hilo alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyeokota dhahabu.

Alihamia kwangu, akaanza mazoezi. Madumu mawili ya lita tano, yamejaa maji, moja kila mkono, asubuhi na jioni, juu, chini, juu, chini. Mke wangu alikuwa akimtania, "Wifi, ukimaliza hapo njoo unibebee na gunia la mkaa." Anacheka, anaendelea. Na msimamizi wa ujenzi wa lile jengo, nani kama si mimi? Nilijiona nimebarikiwa.

Sakafu ya jengo ilikuwa juu ya ardhi kwa sentimita sitini. Kuhusu njia ya mteremko mchoraji aliandika wazi: kwa kila sentimita moja ya kupanda, kumi na mbili za kwenda mbele. Jumla mita saba na sentimita ishirini, vishikio pande zote. Mwalimu aliuona mchoro ule mezani kwangu, akapitisha kidole polepole juu ya mstari wa njia hiyo.

"Kaka, mkimaliza kumwaga, niite nije nijaribu kabla hamjaondoka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

"Saiti kuna misumari kila mahali," nikamwambia. "Wewe subiri siku ya ufunguzi."

Ukweli ni kwamba nilitaka kumshangaza. Nilitaka sifa, tuseme hivyo.

Wiki ya kumwaga zege, mkandarasi alikuja akasimama mikono kiunoni. "Hii njia inameza nafasi ya magari ya wageni. Ikate, iishie mita nne." Nilibisha kidogo, ubishi wa mdomoni tu. Tukamwaga mita nne. Zege lilipokomaa tukaita toroli. Kibarua alitweta, lakini likapanda, nami nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mfuko huo una kilo hamsini. Dada yangu hata hamsini hafiki!" Tukacheka sote, mpaka mkandarasi.

Siku ya ufunguzi Mwalimu aliamka kabla yetu sote. Alivaa gauni la bluu alilolipiga pasi mwenyewe, daftari la mahudhurio mapajani. Wanafunzi wake walikuwa wamepanga mistari miwili kumsubiri. Nilipomsogelea akasema, "Usiniguse, kaka."

Alianza vizuri. Mita ya kwanza, ya pili. Halafu nikaona mabega yanatetemeka. Magurudumu yakasimama. Akavuta tena, mishipa ya shingo imemtoka, kiti kikasogea kidogo, kisha kikaanza kurudi nyuma. Alikizuia kwa viganja. Daftari likaanguka. Nami nilisimama pale, Pimamaji mzima, hesabu yote naijua kichwani.

Watoto wakavunja mistari, wakamkimbilia, wanane au kumi hivi, wakamsukuma hadi juu kwa vifijo. Wageni wakapiga makofi. Mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, akatangaza, "Hakuna tatizo, tutawapangia zamu!" Dada yangu akatabasamu, akashukuru. Sijawahi kuona tabasamu likaniuma vile.

Jioni akaniuliza, "Mliijaribu na nini?"

"Na toroli."

"Toroli lina mtu nyuma, kaka."

Nililia. Sioni haya kusema, nililia mbele ya mke wangu na watoto. Yeye hakulia.

Wiki hiyohiyo akaandika barua ya kuacha kazi. Nilimsihi, mke wangu akamsihi, hakutikisika. "Zamu ya kufagia, zamu ya kumwagilia maua, zamu ya kumsukuma mwalimu," akasema. "Hapana."

Likizo ilipofika nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikaivunja njia ile kwa nyundo yangu mwenyewe. Mkandarasi alinipigia simu akifoka, nikamjibu maneno yasiyofaa kuandikwa. Nikajenga upya kama mchoro ulivyotaka, mita saba na ishirini, vishikio pande zote. Safari hii toroli nililifungia stoo. Niliazima kiti cha magurudumu kwenye zahanati ya jirani, nikakaa, nikapanda kwa mikono yangu. Viganja viliwaka moto, lakini nilifika juu, nikajisukuma hadi mlangoni mwa darasa la tatu. Ubaoni kulikuwa na somo la mwisho la muhula, halijafutwa. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Nilimkuta dirishani, anakunja nguo za watoto wangu.

"Mwalimu, imekwisha. Nimepanda mwenyewe, kwa mikono hii. Twende ujaribu."

"Darasa la tatu lina mwalimu?"

Nilitamani kudanganya. "Lina."

"Anaandika vizuri ubaoni?"

"Vizuri."

"Basi ni heri." Akalaza shati dogo juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja. "Asante, kaka. Atakuja mwingine, ataitumia."

Nilitazama pembeni mwa kitanda chake, mahali yalipokuwa yakikaa yale madumu. Hayakuwepo. Nikamfuata mke wangu jikoni kumwuliza. Alinyoosha kidole juu ya kabati refu. Yalikuwa huko, matupu, yamelazwa karibu na dari.

"Ameniomba mwenyewe niyaweke huko," akasema. "Amesema niyaweke pale ambapo mkono wake haufiki."