Mita Husoma Wastani

Walikuwapo wanne, akawahesabu tena kana kwamba hesabu ingeongeza mtu: mkunga mstaafu wa nyumba ya pili, ameshika kifundo cha mkono wa mgonjwa, shemeji yake, mke wa kaka, miguuni pa kitanda, kaka yake kitandani, barakoa ya kupumulia usoni, na yeye fundi redio sakafuni, na chuma cha kulehemu kisichotaka kupata moto, kitapataje moto na umeme wenyewe ni volti mia na tisini badala ya mia mbili na thelathini, alasiri hii kila mwenye jokofu amewasha, na mashine ya kupumulia inazima, inawaka, inazima... "Shemeji, si ulisema umeme ukipungua hii itavumilia?" mke wa kaka anauliza, alisema, ndiyo, juzi alipiga kifua, kifaa cha zamani kiliungua, akaunda chake cha kuipa mashine volti kumi na mbili, akachagua transfoma ya volti kumi na tano, ya kumi na nane ingechemsha bure regyuleta, kile kidhibiti cha volti, akashusha umeme makusudi hadi mia na tisini ili akijaribu, akapima, mita ikasema kumi na nne na nusu, regyuleta inataka kumi na nne, akatabasamu, mzee mzima, asikumbuke kwamba mita husoma wastani, na umeme ule una vilima na mabonde, mara mia kwa sekunde unashuka hadi kumi na tatu, na huko bondeni ndiko kaka yake anakokosa pumzi... kapasita ya pili, ya kuhifadhi umeme, ingejaza bonde, anayo mkononi, lakini kuilehemu ni kuzima mashine dakika mbili, na risasi ya kulehemu imegoma kuyeyuka, "Fundi, mimi nimezalisha kwa mwanga wa kiberiti, wewe waya mmoja unakutoa jasho," mkunga anasema, hacheki, naye fundi anakumbuka redio ya baba, utotoni, kaka amemshikia waya, tone la risasi likamwangukia kidoleni, hakuutoa mkono, "Maliza kwanza," kaka alisema, fundi akamaliza, hakumtazama kidole, hata leo tangu asubuhi hajamtazama uso, amepima kila kitu chumbani humu isipokuwa uso ule, kumbe sakafuni ndiko alikojificha, kumbe volti ni rahisi kuliko ndugu... "Njoo huku, kiache hicho chuma," shemeji anamwambia, anasikia, anagusisha risasi kwenye ncha ya chuma, bado ngumu, anagusisha tena.

Kaka yake alifariki saa kumi na dakika saba.