Mjomba Kwenye Mkeka

Haya kanisimulia mjukuu wangu leo, tukichambua mchele. Zamani, sauti zilipomjaa kichwani, mjomba wake, mwanangu wa kuzaa, alimfunga kamba mikono. Siku hizi mjukuu wangu anameza dawa za skizofrenia bila kukosa, na kliniki imemkabidhi kuongoza mazoezi ya kunyoosha viungo na kuvuta pumzi. Jana mjomba akaletwa pale kwa maumivu ya mgongo.

"Mikono juu, mjomba."

"Imetosha, mpwa wangu!"

"Bado. Mimi ulinifunga kutwa nzima."

Wagonjwa wenzake walishashusha mikono. Yeye alibaki kainua mpaka akamlilia mpwa wake, "Nisamehe, mama."

"Vuta pumzi," akajibiwa, basi.

Nimemzaa, lakini sikumwonea huruma. Mwishowe akaruhusiwa kulala chali mkekani, akakoroma.